Maziwa bila mimba: jinsi ya kumnyonyesha mtoto aliyebebwa na mama mwingine

Kizazi hakitengenezi maziwa. Jambo hili huwashangaza wengi, wakiwemo baadhi ya wahudumu wa wodi ya wazazi, lakini ndilo linalowezesha yote yanayofuata hapa. Mwanamke aliyezaliwa bila kizazi, au aliyeondolewa kizazi kwa sababu ya uvimbe au damu iliyogoma kukata baada ya kujifungua, bado ana matiti yenye mirija na vifuko vya maziwa. Kiinitete chake kikipandikizwa kwa mwanamke mwingine na mtoto akazaliwa, yeye anaweza kumnyonyesha mtoto huyo. Mara nyingi hapati maziwa yote anayoyahitaji mtoto. Hupata sehemu, na sehemu hiyo hutofautiana sana kati ya mtu na mtu. Anayeanza akitarajia chupa zilizojaa huchoka mapema na kuacha. Aliyejipanga tangu mwanzo na mrija wa nyongeza, unaompitishia mtoto maziwa mengine akiwa titini, hudumu, kwa sababu kunyonyesha kwake hakutegemei kiasi alichokamua jana.

Hapa tutamwita mama anayemsubiri mtoto "mama anayebebewa", na aliyeshika mimba "mbebaji".

Vidonge vinavyoigiza mimba

Mimba ya kawaida huyafanyia matiti mambo mawili kwa wakati mmoja. Homoni ya estrojeni hurefusha mirija na kuitia matawi, ile ya projesteroni hukuza vifuko ambamo maziwa hutengenezwa, na prolaktini, homoni ya kutengeneza maziwa, kutoka kwenye tezi iliyo chini ya ubongo hupanda miezi yote tisa. Lakini projesteroni hiyohiyo huyazuia maziwa yasitoke mapema. Kondo la nyuma likishatoka, projesteroni huporomoka, prolaktini hubaki juu, na baada ya saa 30 hadi 40 hivi maziwa huanza kuongezeka. Ndiyo maana wazazi wengi huhisi matiti yamejaa siku ya pili au ya tatu.

Mama anayebebewa huigiza mfuatano huo. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili hushika nafasi ya mimba. Siku ya kuviacha hushika nafasi ya kujifungua. Pampu hushika nafasi ya mtoto mpaka mtoto mwenyewe afike. Utaratibu unaofuatwa zaidi kwa njia hii ulitungwa Kanada na Lenore Goldfarb, ambaye mwanawe alizaliwa kwa kubebewa mwishoni mwa miaka ya 1990, akishirikiana na Jack Newman, daktari wa watoto wa Toronto.

Homoni si lazima kwa kila mtu. Mwaka 1981 Marekani ulichapishwa utafiti wa wanawake 240 walionyonyesha watoto wa kuasili, wengi wao kwa kutegemea unyonyaji wa mtoto kuliko dawa; walisisitiza ukaribu na mtoto kuliko ujazo wa maziwa. Papua New Guinea, ambako sheria ya mwaka 1977 ilizuia chupa za kunyonyeshea kuuzwa ovyo, akina mama waliochukua watoto wa wengine walisaidiwa hospitalini mpaka wakanyonyesha, na taarifa ya akina mama 37 wa aina hiyo ilichapishwa mwaka 1994. Barani Afrika nako bibi kumtia titini mjukuu aliyefiwa na mama, na maziwa yakaja, si habari ngeni. Aliyewahi kunyonyesha huko nyuma, hata kama ni miaka kumi iliyopita, huwa na kazi nyepesi kuliko ambaye matiti yake hayajawahi kupitia mimba.

Sababu ya kubebewa ndiyo inayochagua njia

Makala nyingi kuhusu jambo hili huanza na vidonge. Sisi tunaona swali la kwanza ni kwa nini mama huyu anabebewa, maana ugonjwa uliomzuia kubeba mimba unaweza ndio huohuo unaomkataza homoni.

Mwenye hali nyepesi zaidi ni yule ambaye tatizo lake ni kizazi peke yake. Aliyezaliwa bila kizazi, hali ambayo madaktari huiita MRKH, ana mifuko ya mayai inayofanya kazi, na matiti yake yalikua kawaida alipobalehe. Aliyeondolewa kizazi kwa sababu ya uvimbe yuko vilevile. Hawa wanaweza kufuata ratiba nzima.

Aliyepoteza kizazi kwa kutokwa damu nyingi wakati wa kujifungua anahitaji uangalifu ambao mara nyingi husahaulika. Damu ikipotea sana na shinikizo likashuka mno, tezi iliyo chini ya ubongo, ambayo huwa imevimba wakati wa mimba, inaweza kukosa damu na kufa kwa sehemu. Hali hiyo huitwa ugonjwa wa Sheehan. Mwulize: baada ya uzazi ule maziwa yalitoka? Kama hayakutoka kabisa, na tangu hapo anachoka kupita kiasi, anahisi baridi wakati wengine wanatoa jasho, nywele za kwapani zimepukutika na shinikizo liko chini, apimwe prolaktini, homoni za tezi ya shingo na kotisoli kabla ya kununua hata kidonge kimoja. Dawa za kuongeza prolaktini huisukuma tezi itoe kilichomo. Kama seli zenyewe zimekufa hakuna cha kutoa, na mwanamke anaweza kukamua miezi mitatu akijilaumu bure.

Aliyetibiwa saratani ya titi, hasa ile inayolishwa na homoni, asiguse vidonge vya estrojeni. Titi lililopigwa mionzi kwa kawaida halitoi maziwa ya maana, lakini titi la upande wa pili linaweza kufanya kazi kwa kunyonywa tu, daktari wake wa saratani akiridhia. Vidonge vya homoni mbili havimfai pia aliyewahi kuganda damu mguuni au kwenye mapafu, mwenye shinikizo la juu, mwenye kipandauso kinachotanguliwa na vimulimuli machoni, mwenye ugonjwa mkali wa ini, wala mvutaji sigara aliyevuka miaka 35. Mwenye selimundu ajadiliane na daktari wake, kwani damu yake tayari ina mwelekeo wa kuganda. Wote hawa bado wana njia ya pampu na mtoto bila homoni, ila wajue kwamba itachukua muda zaidi na huenda ikaleta kidogo.

Kuna pia wanaotumia dawa zinazopita kwenye maziwa na kumdhuru mtoto. Mwenye lupasi au figo ya kupandikizwa anaweza kuwa kwenye methotreksati au mikofenolati. Hizo hazipatani na kunyonyesha. Anayetumia kabagolini au bromokriptini kwa uvimbe wa tezi iliyo chini ya ubongo anatumia dawa ambayo kazi yake ni kuzima prolaktini, kwa hiyo maziwa hayatatoka mpaka mtaalamu wake aamue kama inaweza kusimamishwa.

Kuhusu VVU, wapimwe wote wawili, mama anayebebewa na mbebaji, pamoja na kaswende na homa ya ini aina ya B. Mama anayeishi na VVU akimzaa mtoto mwenyewe, miongozo ya nchi zetu humruhusu kunyonyesha akitumia dawa vizuri. Hapa hali ni tofauti kidogo: mtoto wa mbebaji asiye na virusi hakukutana na VVU tumboni wala wakati wa kuzaliwa, kwa hiyo titi lingekuwa mahali pake pa kwanza pa hatari. Uamuzi huo ufanywe kwenye kliniki ya VVU (CTC Tanzania, CCC Kenya), kipimo cha wingi wa virusi kikiwa mezani, kabla ya kuanza kukamua.

Ratiba, ikihesabiwa kwa wiki za mbebaji

Tuchukue mimba ya mtoto mmoja. Wengi hupenda kusubiri mpaka wiki ya 14 au 16, hofu ya mimba kutoka inapopungua. Hapo mama anayebebewa huanza vidonge, kimoja kila siku, bila kupumzika katikati. Pakiti ya vidonge 28 inayotolewa kliniki huwa na vidonge 7 vya rangi ya kahawia ambavyo ni madini ya chuma tu. Hivyo huachwa: akimaliza 21 vya homoni anafungua pakiti mpya kesho yake. Kosa la kuvimeza vile 7 ni dogo kwa macho, lakini kila mwezi homoni hushuka wiki nzima, na matiti hupata habari kwamba "mimba" imekwisha.

Utaratibu wa Goldfarb na Newman hutaka kidonge chenye projestini, yaani projesteroni ya kutengenezwa, ya milligramu 1 au zaidi na estrojeni isiyozidi mikrogramu 35. Mtu akisoma hivyo kisha akaona pakiti yake imeandikwa levonogestreli milligramu 0.15, huingiwa na hamu ya kumeza viwili au vitatu. Asifanye hivyo. Levonogestreli ni projestini yenye nguvu kubwa zaidi kwa uzito uleule, huwezi kulinganisha milligramu kwa milligramu, na kuongeza vidonge ni kuongeza estrojeni na hatari ya damu kuganda. Daktari ndiye achague aina. Sindano ya miezi mitatu nayo haifai hapa, kwa sababu tunachohitaji ni homoni ishuke kwa siku tuliyoichagua, na sindano haiwezi kurudishwa.

Vidonge huachwa wiki 6 kabla ya tarehe ya kujifungua, yaani mbebaji akiwa na wiki 34 hivi, na kukamua huanza siku hiyo au kesho yake. Mwenye kizazi atatokwa na damu siku chache baadaye, ni kawaida. Mapacha, ambao ni wengi katika mimba za kupandikizwa, huja mapema, kwa hiyo hesabu irudishwe nyuma: wiki ya 28 hadi 30. Na kama habari imekuja kwa kuchelewa, kuna toleo fupi la vidonge kwa siku 30 hadi 60. Huleta maziwa kidogo kuliko lile refu, lakini huleta. Mama ambaye mtoto wake kazaliwa wiki ya 31 huku vidonge havijaachwa, aviache leo na aanze kukamua leo. Mtoto njiti hunywa mililita chache kwa kila mlo, na atakapokuwa tayari kunyonya huenda maziwa yamekwisha kuja.

Domperidoni: dawa yenye sauti mbili

Kwenye maduka ya dawa domperidoni inajulikana kama dawa ya kichefuchefu na tumbo kujaa gesi. Inapandisha prolaktini kwa kuzuia dopamini, ambayo kazi yake mojawapo ni kuishikilia prolaktini isitoke. Katika utaratibu tulioutaja huanzwa pamoja na vidonge: milligramu 10 mara 4 kwa siku wiki ya kwanza, kisha milligramu 20 mara 4, jumla 80 kwa siku, na huendelea baada ya vidonge kuachwa.

Sasa sauti ya pili. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya dhidi ya matumizi haya, na dawa hiyo haijasajiliwa huko. Mwaka 2014 mamlaka ya Ulaya iliweka kikomo cha milligramu 30 kwa siku kwa mtu mzima, kwa wiki moja, na kwa kichefuchefu tu. Sababu ni moyo. Dawa inaweza kurefusha kipindi kiitwacho QT kwenye mapigo, na kwa mtu mwenye mwelekeo huo moyo unaweza kwenda mrama ghafla. Hatari ni kubwa kwa wazee, kwa wenye ugonjwa wa moyo, kwa waliopungukiwa potasiamu na kwa wanaozidi milligramu 30. Tafiti ndogo zilizolinganisha milligramu 30 na 60 kwa siku, tena kwa wanawake waliojifungua, hazikuonyesha faida ya wazi ya kipimo kikubwa. Maoni yetu: apimwe ECG, kipimo cha mapigo ya moyo, kabla ya kuanza, aanze na milligramu 10 mara 3, na asipandishe mpaka daktari apime tena.

Hatari kubwa zaidi kwa msomaji wa Afrika Mashariki iko kwenye dawa zinazochanganywa. Dawa mseto ya malaria, ALu, nayo hugusa QT, kwinini vilevile. Flukonazoli, ambayo mama mwenye chuchu zinazowaka kwa fangasi huandikiwa bila wasiwasi, huongeza kiwango cha domperidoni mwilini na kugusa moyo pia. Erithromaisini na klarithromaisini ziko kundi hilo, pamoja na baadhi ya dawa za VVU zenye ritonaviri. Mama akipata malaria, amwambie mtabibu kabla ya dozi ya kwanza kwamba yuko kwenye domperidoni. Kuzimia au moyo kwenda mbio bila sababu ni jambo la kwenda hospitali usiku huohuo.

Metoklopramidi hufanya kazi inayofanana lakini huingia kwenye ubongo. Huweza kuleta huzuni nzito na, ikitumika muda mrefu, misuli ya uso kucheza bila hiari. Kwa mama ambaye huenda ameshapoteza mimba kadhaa kabla ya kufika hapa, hatuipendekezi.

Kukamua kitu ambacho hakipo

Siku za mwanzo pampu haitoi chochote, na ndicho kipindi kigumu. Lengo si kupata maziwa bali kuuambia mwili kuna mtoto. Mara 8 kwa saa 24, dakika 10 hadi 15 kila mara, matiti yote mawili kwa pamoja kama pampu ya umeme inaruhusu. Mara moja kati ya hizo iwe kati ya saa 7 na saa 11 usiku, maana prolaktini hupanda zaidi usiku. Ni afadhali mara 8 za dakika 10 kuliko mara 4 za dakika 25. Na siri ni ngumu kutunza kwa ratiba hii: kama ndugu wa mume hawajaambiwa, chumba chenye mlango unaofungwa ni sehemu ya vifaa.

Faneli, ile sehemu inayokaa juu ya chuchu, ndiyo hukosewa zaidi. Pampu nyingi huja na ya milimita 24. Pima kipenyo cha chuchu kwenye kitako chake kwa rula. Faneli iwe kubwa kidogo tu kuliko hapo, chuchu ipite bila kusugua pembeni. Ikiwa ngozi nyeusi inayozunguka chuchu inavutwa ndani ya bomba, faneli ni kubwa. Ikiwa chuchu imebadilika kuwa nyeupe au ina mchubuko wa duara, ni ndogo. Tone la mafuta ya nazi kwenye ukingo hupunguza msuguano. Mvuto upandishwe mpaka karibu na kuuma, kisha urudishwe nyuma kidogo. Mvuto unaouma hukimbiza oksitosini, na bila oksitosini hata maziwa yaliyopo hayashuki. Pampu iliyotumika na mwingine, ambayo maziwa yanaweza kupenya mpaka kwenye mota, isinunuliwe. Ukungu unaoingia humo hausafishiki.

Umeme ukikatika, mikono inatosha. Nawa, weka kidole gumba juu ya titi na cha shahada chini, kila kimoja sentimita 3 hadi 4 kutoka kwenye chuchu. Sukuma kwanza kuelekea kifuani, kisha bana, kisha achia. Usiteleze juu ya ngozi wala kuvuta chuchu. Zunguka titi lote, dakika 3 hadi 5 kila upande, halafu rudia, jumla dakika 20 hadi 30. Wengi huchanganya: pampu dakika 7, kusugua na kutikisa matiti taratibu, kisha pampu tena dakika 7.

Matone ya kwanza huonekana kati ya wiki 1 na 6. Huanza kama maji mazito yanayong'aa au ya njano, yakibaki kwenye faneli bila kufika kwenye chupa. Yavute kwa bomba la sindano la mililita 1 ili yasipotee. Katika joto la Mombasa au Dar es Salaam yasikae nje. Kanuni kwamba maziwa yanaweza kukaa nje saa 4 inahusu chumba kisichozidi nyuzijoto 25. Kwenye friji hukaa siku 4, kwenye barafu miezi 6 bila shida, mradi umeme haukatiki kutwa nzima.

Uwatu hutumiwa sana, na kwenye utaratibu wa Kanada umo. Unaweza kusaidia kidogo. Pia hushusha sukari, hulegeza tumbo, na haufai kwa anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Mlonge, mtori, njahi, uji wa pilipili manga ni chakula kizuri cha mama anayeamka usiku. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinacholeta maziwa kwenye titi lisilonyonywa.

Mbebaji, hospitali na dini

Maziwa ya kuzalishwa kwa njia hii hufanana na maziwa yaliyokomaa. Dang'a, yale ya njano ya siku za mwanzo, mama anayebebewa hatakuwa nayo. Mbebaji anayo. Kama amekubali na vipimo vyake ni safi, anaweza kukamua kwa mkono kwenye kikombe siku 2 au 3 za kwanza. Baada ya hapo ataendelea kukamua kwa makubaliano au atayakausha. Hospitali nyingine humpa mbebaji kabagolini milligramu 1 siku ya kwanza kuyakausha maziwa, isipokuwa kama ana shinikizo la juu. Dawa hiyo ni kinyume kabisa cha ile anayotumia mama mwenzake, na wote wawili wako wodi moja. Majina yaandikwe wazi kwenye vikopo.

Makubaliano haya yawe kwenye maandishi kabla ya wiki ya 34, hospitali ikiwa na nakala: nani atamshika mtoto saa ya kwanza, nani atamlisha, wapi mama anayebebewa atalala. Nchini Kenya mwaka 2014 Mahakama Kuu ilisikiliza shauri la JLN dhidi ya Mkurugenzi wa Huduma za Watoto, ambapo mapacha waliobebwa kwa mpango huu walipelekwa kwenye makao ya watoto huku wakubwa wakibishana nani aandikwe mama. Mama ambaye mtoto wake amezuiliwa aendelee kukamua mara 8, la sivyo atampata mtoto na kupoteza maziwa.

Kwa Waislamu kuna maswali mawili tofauti. Baraza la Kimataifa la Fiqhi lenye makao yake Jidda liliharamisha kubebewa mimba mwaka 1986. Kunyonyesha kwenyewe ni suala jingine: katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi pwani yetu, kunyonya mara 5 kabla ya miaka miwili huleta undugu wa ziwa, yaani wa kutooana, na maziwa si lazima yatokane na mimba. Hambali wana mtazamo tofauti kuhusu maziwa yasiyo ya mimba. Undugu huo unamhusu mbebaji pia akimnyonyesha, na watoto wake. Mwulizeni shekhe wenu mapema, kwani baadaye haufutiki.

Mtoto anapofika: kikombe na mrija

Mtoto awekwe kifuani ngozi kwa ngozi siku ya kwanza, na mrija uwepo tangu mlo wa kwanza. Mtoto akivuta titi lisilotoa kitu mara tatu nne, hulikataa. Akivuta likatoa, hata kama kinachotoka kimepitia mrija, huendelea, na kila mvuto ni agizo la maziwa zaidi.

Vifaa vya kiwandani vipo, lakini mrija mwembamba wa kulishia kupitia puani, namba 5, unatosha. Ncha moja izame kwenye kikombe cha maziwa. Ncha nyingine ilazwe juu ya titi ifike mbele ya chuchu au kuipita kwa milimita chache, ishikwe kwa plasta laini sentimita 4 nyuma. Iingie kinywani katikati ya mdomo wa juu au pembeni kidogo. Mdomo wa mtoto uwe wazi, umejaa titi. Ukiona amebana midomo na mashavu yanaingia ndani, ananyonya mrija. Mwondoe, umpachike upya.

Kikombe ndicho bomba lenu la kufungulia na kufunga. Uso wa maziwa ukiwa sawa na chuchu, mtiririko ni wa wastani. Ukipandishwa yanakimbia, ukishushwa mtoto anafanya kazi zaidi. Mlo mmoja uchukue dakika 20 hadi 30. Akimaliza kwa dakika 5 bila kulifanyia titi kazi, shusha. Akisinzia baada ya saa nzima na kikombe bado kimejaa, pandisha. Maziwa ya kopo yenye mabonge huziba mrija, kwa hiyo yakorogwe vizuri kwa maji yaliyochemshwa yakiwa bado na joto la nyuzi 70 au zaidi, kisha yapozwe. Uji, hata mwepesi namna gani, usiwekwe. Mrija usukumwe maji kwa bomba la sindano mara tu mlo unapokwisha, kabla maziwa hayajaganda ndani, uchemshwe, na utupwe ukianza kuwa mgumu au wa njano.

Aliyezoea chupa na kulikataa titi hurudi taratibu: atiwe kifuani akiwa nusu usingizi, si akiwa analia njaa, huku mtu mwingine akidondosha maziwa kwa kijiko juu ya titi yatiririke mpaka kwenye chuchu. Atalamba kwanza.

Mahitaji ni haya: siku ya kwanza mililita 60 kwa kila kilo ya uzito, kuongezeka 20 kila siku mpaka 150. Mtoto wa kilo 3 mwishoni mwa wiki ya kwanza anahitaji mililita 450 kwa siku, kama 56 kwa kila mlo wa milo 8. Mama akitoa 150 ameshampa theluthi. Nyongeza isipunguzwe kwa kukisia. Kila siku kadhaa toa mililita 50 kwenye jumla ya saa 24, kisha pima. Akiongezeka gramu 125 au zaidi kwa wiki na kukojoa mara 6 au zaidi kwa siku mkojo usio na rangi nzito, toa 50 nyingine. Asipofika hapo, rudisha 50 uliyotoa na usubiri wiki. Mizani ya kliniki iwe ileile kila mara, mtoto akiwa uchi. Wengine hufikia kuacha nyongeza kabisa. Wengi zaidi hukwama mahali fulani na kubaki na mililita 200 au 300 za kikombe mpaka vyakula vingine vianze mtoto akitimiza miezi sita.

Hapo ndipo wengi huanza kuiacha domperidoni, na isikatwe ghafla: kuna waliopata wasiwasi mkubwa, kukosa usingizi na huzuni. Hupunguzwa milligramu 10 kwenye jumla ya siku, kisha kusubiri wiki kabla ya kupunguza tena. Maziwa yakishuka sana kwenye ngazi fulani, mama hurudi ngazi moja juu kwa wiki mbili, huku uji wa mtoto ukiongezwa, ndipo anajaribu tena.